Sauti Baada ya Kupasuliwa Rovu



Wengi wenu mlioko shuleni mmenisikia nikisema kwa sauti ya kukwaruza, kama mzee aliyevuta tumbaku tangu ujana wake. Baadhi yenu mmeniuliza kama ni mafua yasiyopona. Wengine, nami najua, mmenong'onezana kwamba nimerogwa. Siku ya sikukuu ya shule mwanafunzi mmoja wa zamani alimwuliza mwalimu wa nyimbo, "Yule kijana aliyekuwa akianzisha nyimbo amekwenda wapi?" Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake palepale, nikashindwa kumjibu kwa sababu ya kelele za watu. Basi nimeona afadhali niandike, kwa maana kalamu haipwelewi na sauti. Nataka kueleza jambo lililonipata, jinsi linavyotokea mwilini, na jinsi mtu awezavyo kuishi nalo.

Mimi ni mtu wa Bugendana, kaskazini ya mji wa Gitega. Kwetu ni vilima baada ya vilima, na kila nyumba imesimama peke yake katikati ya migomba yake. Mtu akitaka kusema na jirani aliye ng'ambo ya bonde, husimama ukingoni akaita, na sauti yake huvuka. Tangu utoto nilisifiwa kwa kuita. Mama akimhitaji baba aliye shambani bondeni, mimi ndiye niliyetumwa kusimama juu ya jiwe na kumwita, na baba alisema kwamba hakuwahi kuitwa mara mbili. Nilipofika shule hii, sauti ileile ilinipa nafasi ya mbele katika kwaya.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano shingo yangu ilianza kuvimba. Sikuona ajabu, kwa sababu bibi yangu mzaa mama ana rovu, na majirani wengine vilevile. Rovu ni kuvimba kwa tezi ya shingo. Tezi hii ina umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa, nayo imekaa mbele ya bomba la pumzi. Kazi yake ni kutengeneza maji yanayoamrisha mwendo wa mwili: joto lake, nguvu zake na kukua kwake. Ili ifanye kazi hiyo huhitaji kitu kiitwacho iodini, kidogo sana kwa siku. Iodini ni nyingi baharini na katika samaki wa bahari, lakini katika nchi za milima mvua imeiosha udongoni kwa maelfu ya miaka. Tezi inapokosa iodini hujitahidi kwa kukua, kama mkulima ambaye shamba lake halizai naye akaongeza kulima.

Si sisi peke yetu. Katika kisiwa cha Idjwi, kilicho katika Ziwa Kivu upande wa Kongo, madaktari kutoka Ubelgiji walifanya uchunguzi miaka ya 1960. Waliona kwamba kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, lakini upande wa kusini-magharibi walikuwa wachache tu, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Baadaye ilionekana kwamba muhogo una sehemu yake katika jambo hilo, kwa sababu sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri huizuia tezi kuitumia hata ile iodini kidogo iliyopo.

Rovu langu lilikua mpaka likaanza kulisukuma bomba la pumzi. Usiku nilikoroma hata wenzangu wa bwenini wakalalamika, na nikipanda kilima nilisimama mara tatu. Daktari alisema dawa ya kumeza haitalirudisha rovu la ukubwa huo, ni lazima lipasuliwe.

Hapa nataka msomaji asikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo nilipokosea. Kabla ya siku ya kupasuliwa, daktari aliniketisha pamoja na baba. Alitueleza kwamba nyuma ya tezi hupita mshipa wa fahamu unaotumikia sauti, na kwamba mara chache mshipa huo huumia. Kisha akauliza, "Mna swali?" Baba alinitazama, nami nikamtazama baba. Tukajibu pamoja, "Hapana, Bwana Daktari." Kwetu, kumhoji mkubwa anayekusaidia huonekana kama kumshuku. Baba akatia sahihi. Siku ile sikuwaza hata kidogo kwamba neno "sauti" alilolitaja lilikuwa ni sauti yangu.

Nilipozinduka baada ya kupasuliwa, mama alikuwa ameketi kando ya kitanda. Nilitaka kumwita. Kilichotoka ni pumzi tupu, kama upepo upitao katika mwanya wa mlango. Sista mwuguzi aliniambia nisiogope, kwa sababu watu wengi hupwelewa na sauti siku chache baada ya kupasuliwa, kutokana na ule mpira wa kupumulia unaotiwa kooni mgonjwa akiwa amelala. Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini siku chache zilipita, na baada yake majuma mawili, na sauti haikurudi. Jambo jingine lilinitisha zaidi: kila nilipokunywa maji nilipaliwa, nikakohoa kikohozi dhaifu kisichoweza kutoa kitu.

Baadaye nilipelekwa Bujumbura kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alipitisha puani mwangu waya mwembamba wenye kamera ndogo nchani, nami nikaona koo langu mwenyewe katika kioo cha mashine. Alinionyesha kikoromeo, yaani ile gololi ya koo inayopanda na kushuka mtu akimeza. Ndani yake zimo nyuzi mbili za sauti. Tunaziita nyuzi, lakini hazifanani na nyuzi za zeze. Ni mikunjo miwili ya nyama laini, na katika mwanamume mzima urefu wake ni kama sentimita 2 tu. Mtu akivuta pumzi hufunguka kama milango miwili. Akisema, hukutana katikati, na pumzi itokayo mapafuni huzitikisa zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Mtikisiko huo ndio sauti. Na mtu akimeza, hufungwa kabisa ili chakula kisiingie mapafuni.

Daktari aliniambia niseme "iii". Uzi wa kulia ulikuja mpaka katikati, ukangoja. Wa kushoto haukuja, ulibaki kando, umelegea. Mara nikafahamu mambo yote kwa pamoja. Pumzi yangu ilikuwa ikivuja katika mwanya ule, ndiyo maana sauti ilikuwa upepo, na ndiyo maana nilihema baada ya maneno manne. Maji yalikuwa yakipita papo hapo, ndiyo maana nilipaliwa. Palikuwa na mlango mmoja uliokataa kufungwa. Hapakuwa na mchawi.

Ajabu ni kwamba mtu wa kwanza kutazama vizuri nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aitwaye Manuel Garcia. Mwaka 1854 alitia kooni mwake kioo kidogo kama kile cha madaktari wa meno, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo kingine, akaona nyuzi zake zikifunguka na kufungwa. Naye aliishi mpaka akapita miaka 100.

Lakini kwa nini kupasua tezi kuumize nyuzi zilizo ndani ya kikoromeo? Sababu ni ule mshipa wa fahamu, na njia yake ni ya kustaajabisha. Hutoka kichwani pamoja na mshipa mwingine mkubwa, nao hupita karibu kabisa na kikoromeo. Ungetazamia uingie papo hapo. Sivyo. Ule wa kushoto huteremka mpaka kifuani, ukazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha ukapanda tena shingoni, ukipita kati ya bomba la pumzi na bomba la chakula, nyuma ya tezi. Ule wa kulia nao huzunguka, ila hauteremki sana. Ni kama mtu wa Bugendana atakaye kwenda Gitega, naye akapitia Muyinga kwanza. Katika twiga mshipa huo huteremka shingo nzima na kuipanda tena, hata urefu wake hupita mita 4, ili tu ufike mahali palipokuwa karibu tangu mwanzo.

Habari za mshipa huu ni za kale. Galen, tabibu Mgiriki aliyezaliwa mwaka 129, aliwaonyesha watu wa Roma nguruwe aliyekuwa akilia kwa nguvu. Alipoikata mishipa hiyo miwili, nguruwe alinyamaza mara moja, ingawa aliendelea kupumua na kujipigapiga. Galen aliandika pia habari za mtoto aliyeondolewa matezi ya shingo na mpasuaji asiyejua, akabaki karibu bubu. Kwa hiyo jambo lililonipata mimi lilijulikana tangu zaidi ya miaka 1,800 iliyopita.

Kwa muda mrefu watu waliliogopa rovu kuliko magonjwa mengi, kwa sababu aliyepasuliwa mara nyingi alikufa kwa kutoka damu. Theodor Kocher wa Bern, katika nchi ya Uswisi yenye milima kama yetu, alifanya kazi hiyo polepole na kwa uangalifu mkubwa hata vifo vikapungua sana, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mwaka 1938 Frank Lahey wa Boston, Marekani, aliandika kwamba njia ya kuulinda mshipa wa sauti ni kuutafuta na kuuona kwa macho, si kuukwepa kwa kukisia. Mpaka leo wapasuaji wengi hufuata shauri hilo, na mahali penye vyombo hutumia pia mashine inayotoa mlio mshipa ukiguswa.

Hata hivyo mshipa wenyewe ni mwembamba, na rovu kubwa huweza kuusogeza mahali pake au kuushika. Mara nyingi haukatwi. Huvutwa, hubanwa, au huguswa na joto la chombo cha kuzuia damu, ukazimia. Kwa wapasuaji wazoefu, anayebaki na uzi usiotembea maisha yake yote ni kama mmoja katika wagonjwa mia au pungufu. Wanaoupoteza mwendo wake kwa muda tu ni wengi kuliko hao. Daktari aliyenipasua aliandika katika cheti changu kwamba aliuona mshipa ukiwa mzima, ila rovu lilikuwa limegandamana nao. Kwa hiyo yangu ilikuwa kungoja.

Kuna pia mshipa mwingine mdogo, ulio juu zaidi, unaokaza nyuzi ili sauti ipande. Huo ukiumia, mtu husema kama kawaida, lakini akiimba hawezi kufika juu. Waganga wengi huutaja kwa jina la Amelita Galli-Curci, mwimbaji mashuhuri kutoka Italia aliyepasuliwa rovu huko Chicago mwaka 1935, ingawa wengine hubisha kwamba sauti yake ilikuwa imeanza kushuka kabla ya hapo.

Sasa nieleze namna ya kuishi na hali hii, kwa sababu huenda msomaji mmoja, au dada yake, au mzazi wake, ataihitaji.

Kwanza, kunywa na kula. Nilifundishwa kuinamisha kidevu kuelekea kifuani ninapomeza, na kugeuza kichwa upande wa uzi mgonjwa, ili njia ya upande huo ibanwe na maji yapite upande mzima. Nilikunywa mafundo madogo, nikiwa nimeketi wima, bila kusema wala kucheka. Uji ulipita vizuri kuliko maji, kwa kuwa mwendo wake ni wa polepole. Mtu anayepaliwa mara kwa mara kisha akapata homa na kikohozi asikae nyumbani, maana huenda chakula kimeingia mapafuni.

Pili, pumzi. Mtu mwenye mwanya kooni humaliza pumzi upesi. Nilijifunza kuvuta pumzi kwa tumbo, si kwa mabega, na kukata sentensi zangu ziwe fupi. Kabla sijaugua nilipenda maneno mengi. Sasa huchagua neno kabla ya kulitumia.

Tatu, kutolazimisha. Hili lilinishinda miezi miwili ya kwanza. Mtu akikosa sauti hukaza shingo na kusukuma, na misuli ya jirani huingilia kazi isiyo yake. Sauti hutoka mbaya zaidi, na koo huuma. Kunong'ona kwa nguvu nako si mapumziko. Koo hukazwa vilevile. Afadhali kusema polepole kwa sauti ndogo, au kunyamaza kabisa kwa kitambo.

Nne, mazoezi. Hapa kwetu wataalamu wa mazoezi ya sauti ni wachache, kwa hiyo daktari alinionyesha machache nami nikayaandika daftarini. Asubuhi na jioni huvumisha "mmm" midomo ikiwa imefungwa, mpaka nisikie mtetemo usoni. Kisha hutia mrija katika gilasi ya maji, nikapuliza mapovu huku nikitoa sauti. Bibi aliponiona alicheka sana, kwa kuwa mrija huo ni uleule ambao wazee hunywea pombe ya mtama. Alisema ameishi miaka yote hiyo bila kujua kwamba wazee walikuwa wakijitibu.

Tano, mtu ajue hatari. Ikiwa mishipa ya pande zote mbili imeumia, nyuzi zote hukaa karibu na katikati bila kufunguka. Hapo sauti huweza kuwa nzuri kidogo, lakini mgonjwa hukosa hewa, na anapovuta pumzi husikika mlio kama wa filimbi. Huyo apelekwe hospitali saa ileile, mchana au usiku. Huenda akahitaji kutobolewa bomba la pumzi shingoni ili apumue.

Hayo yote ni ya mwili. Lakini nawaambia kweli, ya watu yalikuwa magumu kuliko ya koo.

Nilipokuwa nyumbani likizoni, mzee mmoja jirani yetu aliniamkia kutoka ng'ambo ya kijito. Nilimjibu kwa heshima yote, lakini jibu langu halikuvuka maji. Kesho yake alimwambia baba kwamba shule imenitia majivuno. Baba hakubishana naye. Alinichukua jioni ile mpaka nyumbani kwake, akaniambia, "Msalimu mzee." Nilimsalimu. Mzee alinisikiliza, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi, mwanangu, ukiniona inua mkono. Nitajua." Tangu siku hiyo huinua mkono wangu, naye huinua fimbo yake.

Bibi yangu masikio yake yamepungua. Zamani mimi ndiye mjukuu aliyemsikia bila kuambiwa "rudia". Sasa mimi sina sauti, naye hana masikio. Likizo ya kwanza tulikaa mezani kama wageni. Nilisema, hakusikia, nikasema tena mpaka nikakohoa, naye akajifanya amesikia ili asinichoshe. Nililiona hilo, likaniuma kuliko kidonda. Siku moja aliniita nikae upande wake wa kulia, akaushika mkono wangu akauweka begani mwake, akasogeza sikio mpaka karibu na mdomo wangu. Tukazungumza hivyo, polepole, mpaka taa ikaisha mafuta. Nilifahamu siku ile kwamba kusema ni kazi ya wawili. Mwenye sauti ndogo hawezi kuifanya peke yake.

Ndiyo maana nina ombo kwenu, wanafunzi wenzangu. Mkikutana na mtu wa namna yangu, msimmalizie maneno yake. Nangojea pumzi, siyo kwamba nimesahau neno. Msinijibu kwa kunong'ona, masikio yangu hayana ugonjwa. Msogee karibu, mzime redio, mnitazame. Wala msiniambie niseme kwa nguvu, kwa maana kama ningeweza ningalisema. Mwalimu wetu wa hesabu ameruhusu nigonge dawati mara moja nikiwa na jibu. Ni jambo dogo, lakini limenirudisha darasani.

Katika kwaya mambo hayakuwa mepesi. Siku ya kwanza niliposikia sauti yangu ya zamani ikiimbwa na mwingine, nilitoka nje nikakaa chini ya mparachichi. Mwalimu wa nyimbo hakuja kunibembeleza. Alinitumia karatasi za nota kwa mtoto wa kidato cha chini, pamoja na ujumbe kwamba wenzangu wa sauti ya tatu wanakosea mapigo, na kwamba ninazo mikono miwili. Sasa mimi ndiye ninayewapigia mapigo siku za mazoezi. Sisemi kwamba ni sawa na kuimba. Si sawa. Lakini nimeanza kusikia sauti zote nne, ambapo zamani nilisikia yangu tu.

Leo ni mwezi wa tisa tangu nipasuliwe. Kupaliwa kumekwisha. Sauti imepata mwili kidogo, nami naweza kusoma ukurasa mmoja bila kupumzika. Daktari aliponitazama mara ya mwisho aliona uzi wa kushoto umetikisika kidogo, hakutaka kuahidi kitu. Mshipa uliovutwa huweza kuamka baada ya majuma machache au miezi mingi, na madaktari wengi hungoja kama mwaka mmoja kabla ya kusema hautarudi. Ukikataa, zipo njia. Ya kwanza ni sindano inayounenepesha uzi uliolegea ili wa pili uufikie. Hiyo huweza kutumiwa hata wakati wa kungoja. Ya pili ilielezwa na mpasuaji wa Japani, Nobuhiko Isshiki, mwaka 1974: hutobolewa dirisha dogo katika gegedu la kikoromeo, likatiwa kipande kidogo kinachousukuma uzi mpaka katikati. Mgonjwa huwa macho, naye huambiwa aseme, ili mpasuaji asikie sauti akiirekebisha.

Mimi nilitaka kuwa mwalimu, na bado nataka. Baba ameniuliza kama nitakubali kupasuliwa shingo mara ya pili, baada ya yaliyonipata mara ya kwanza. Sijamjibu. Lakini nimeandika maswali yangu katika daftari, na mwaka utakapotimia nitakwenda nayo. Nitauliza: Umeifanya kazi hii mara ngapi? Mshipa utaulindaje? Utazitazama nyuzi zangu kabla na baada? Ikiwa sauti haitarudi, nani atanifundisha mazoezi, na wapi? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Daktari mwema hufurahi kuulizwa, na yule wa kwanza alitupa nafasi, sisi ndio tulioiacha ipite.

Nanyi mliosoma hapa zamani, ambao sasa mna nyumba na watoto, nawaomba jambo moja jikoni. Nunueni chumvi iliyotiwa iodini. Iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moto, na itiwe chakulani kinapokaribia kuiva, ili iodini isipotee. Nchi ya Uswisi ilianza kutumia chumvi ya namna hiyo mwaka 1922, na mashingo ya watoto wake yakapungua kuvimba. Rovu lisiloota halihitaji kisu.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Nilinyosha mkono, wenzangu wakavuta pumzi, nami nikavuta pamoja nao kwa mazoea. Nilisikia "mmm" ikitoka kifuani mwangu, ndogo, ya chini, lakini katika nota yake. Aliye karibu nami aligeuka akatazama. Nikampigia mapigo aendelee.